Kassiani Luhende na Mihadhara ya Alhamisi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Makanyagio, mimi ni Leticia, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba nisome maisha yake bila kuyapaka rangi.

Kaka yetu Kassiani Luhende alizaliwa Inyonga tarehe 9 Juni 1969, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha sekondari hadi 1987, alipopata daraja sifuri, jambo ambalo alilisema mwenyewe kabla mtu hajamuuliza. Alirina asali na baba kwa miaka mingi, tarehe 17 Oktoba 1998 akafunga ndoa na wifi yetu Aneth, Mungu akawajalia Lucas na Sikujua, na mwaka 2011 akaajiriwa chuoni hapa Mpanda, idara ya biolojia, kuosha vyombo vya maabara.

Kila Alhamisi idara ilileta mtafiti mgeni kutoa mhadhara, na kaka ndiye aliyepanga viti, akawasha projekta, akamimina chai. Mwaka 2019 mgeni mmoja mwenye shahada nyingi alieleza kwamba nyuki wadogo wasiouma hawakai ndani ya mninga, kaka akaweka birika mezani akasema, “Samahani daktari, wale wa kwenye mninga wa nyuma ya choo chetu hapa hawajapata taarifa hiyo.” Watu wakatoka kwenda kuangalia, na mgeni mwenyewe, kwa heshima yake, ndiye aliyetangulia.

Tangu hapo mkuu wa idara, Dk. Verdiana, alimwomba kila mwaka asimame yeye atoe mhadhara, naye akajibu kila mwaka kwamba mgeni ni mtu wa kutoka nje. Sisi wa nyumbani tulijua ile sifuri ilikuwa bado inamuuma, maana alikuwa na madaftari saba ya miti na nyuki wa Inyonga, na hakuna aliyewahi kusomewa hata ukurasa.

Novemba 2025, figo zilipoanza kumsumbua, alikubali bila kubembelezwa, akapangiwa Alhamisi ya tarehe 12 Februari 2026, na kuanzia hapo madaktari wakawa wanaulizwa jambo moja tu, kama atafika. Alifika. Alizungumza ameketi, dakika kumi na nne, pumzi ikamwishia, akanipa daftari nimalizie, na mimi mwenye shahada mbili nikakosea majina ya miti mara mbili mbele ya watu sitini, akasema, “Leti, hebu soma kilichoandikwa,” ukumbi ukacheka, naye akacheka.

Alifariki tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, Aneth akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi msibani, na wenzake wa idara, hasa mlioketi siku ile mpaka ukurasa wa mwisho. Kama kuna tarehe nimeikosea leo mtanisamehe, aliyekuwa akinisahihisha ndiye huyu tunayemsindikiza.

Kaka, upumzike sasa kwa amani.