Sentensi Kamili

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la dawa, na wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Yuko Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kwa kesi ya kuku. Yuko Mzee Redio, fundi wa redio, ambaye yeye mwenyewe hazimiki. Jana jioni akaja Mageti, mchomeleaji, anachechemea, mguu umefungwa bandeji kutoka kifundoni hadi gotini, uso umejaa hasira. Mimi muuza kahawa nilimsogezea kikombe. Hata asante hakusema.

Mageti: Miaka mitano nasomesha. Mtoto hajui suruali kwa Kiingereza.

Wakili: Suruali ipi?

Mageti: Hii iliyoungua nikiwa ndani yake.

Akatusimulia. Binti yake wa darasa la tano alipita karakana akitoka shule. Baba mtu yuko kazini, kavaa barakoa ya kuchomelea, haoni chini wala pembeni. Cheche ikarukia pindo la suruali, ikashika.

Mageti: Ananivuta shati. “Dedi, pliz.” Namuuliza, pliz nini? “Dedi, pliz.” Mteja ananiambia binti yako ana adabu sana. Mimi nimevimba kichwa, kumbe mguu unawaka. Huyo mteja ndiye aliyenimwagia maji.

Mzee Redio: Ina maana hata faya hajui?

Mageti: Faya anaijua. Alikuwa anapanga sentensi. Nyumbani kwangu ni Kiingereza kitupu, tena sentensi kamili. Anayetamka Kiswahili analala na njaa. Si mlinishauri nyinyi?

Kweli, walimshauri wao. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba mtoto anasoma kurasa mbili bila kukwama, ila ukimuuliza habari yenyewe inahusu nini, anainamisha kichwa. Ahadithiwe, akasema mwalimu, asomewe, aulizwe maswali, maneno mapya yatakuja taratibu. Benchi likaona taratibu ni uvivu.

Wakili: Kosa lako ni huruma. Nilikwambia ubandike karatasi za majina kwenye kila kitu. Mlango, sufuria, paka.

Mageti: Paka yake kaila.

Mzee Redio: Maneno hayapitii machoni, yanapitia masikioni. Mwekee redio ya Kiingereza chini ya mto. Ataanza kuota Kiingereza.

Wakili: Ndoto haina cheti. Mpe kamusi, ukurasa mzima kabla ya chai. Akikosea, chai hakuna.

Mzee Redio: Kazi bure, maadamu bibi yake yumo mle ndani. Huyo ndiye anayevujisha Kiswahili. Ukienda kulala, anamhadithia mtoto kwa kunong'ona. Mtoto anauliza, bibi anauliza, wanacheka. Unajaza pipa lililotoboka.

Wakili: Hapo umegonga penyewe. Mwondoe mama mkwe.

Mageti: Kesho asubuhi napakia mizigo yake. Nimechoka. Mwanangu hafeli kwa ajili ya hadithi za bibi.

Akapiga benchi ngumi, vikombe vikaruka. Mimi damu ilinichemka. Yule mama ndiye mtu pekee mle ndani anayemuuliza mtoto swali na kusubiri jibu, na ndiye anayefukuzwa. Nikasema hivyo hivyo. Wakili akaniambia nimimine kahawa.

Hapo akatoka dada wa duka la dawa, ameanza kazi juzi, kashika bandeji mpya. Akachuchumaa mbele ya Mageti akafungua ile ya zamani. Kidonda kilikuwa kibaya, hata Mzee Redio aligeuza uso. Dada akauliza imekuwaje, na Wakili akamweleza yote, kuanzia sheria ya nyumba mpaka safari ya mama mkwe, kwa majivuno kama vile kashinda kesi.

Dada alisikiliza huku anapaka dawa.

Dada: Samahani kaka, mimi mgeni hapa. Mtoto angesema tu, “Baba, unaungua,” wewe usingeelewa?

Wakili akachungulia kikombe chake. Mageti alikuwa anautazama mguu wake.

Dada akamaliza kufunga, akamwambia asiiloweshe. Halafu akarudia swali lake, polepole, maana alidhani hatukumsikia.