Odila Fagundes na Kaburi Lililobaki Ndani ya Uzio

Wasikilizaji wapendwa, mimineni chai yenu ya mate msogee karibu. Jumamosi hii tunamkumbuka Mama Odila Fagundes wa Arroio das Pedras. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Odila alikuwa mkulima wa mapichi. Mkulima wa mapichi, na si mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakubwa walipokuja kutangaza mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, mumewe Ataliba alishangilia. Odila akamgeukia mbele ya umati: "Shangilia, baba Marlei. Utakula hizo shangwe."

Familia ikahamishwa kuupisha mtambo. Tingatinga likang'oa mipichi ikiwa na maua. Kilichobaki ni kaburi la Neiva, binti yao wa kwanza, aliyekufa kwa surua kabla hajajua kutembea. Waliahidiwa kwamba lingehamishwa kwa heshima. Halikuhamishwa.

Na mtambo? Haukukamilika, wasikilizaji wapendwa. Lilisimama bomba la moshi, zikamwagwa nguzo za zege, kisha fedha zikakauka na wakubwa wakaenda zao. Haukuwasha hata taa moja. Ataliba, aliyeahidiwa kazi ya kuchomelea vyuma, aliingoja hadi akafa. Uzio waliouzungusha ukabaki, kaburi la Neiva likiwa ndani yake, na mlinzi wake.

Kila Siku ya Marehemu, Odila alipenya chini ya waya na maua yake. Mlinzi Jurandir, jirani yake, alijifanya haoni. Hadi mwaka juzi, waya ulipomchana mguu, na msimamizi mgeni akaita polisi.

"Bibi, umeingia kwenye mali ya watu," polisi alimwambia.

"Watu gani? Nionyeshe hata mmoja, mwanangu, nimsalimie."

Mguu ule haukupona sawasawa. Hakuweza tena kuinama. Akawa anasimama nje ya waya, katika baridi ile ya upepo wa kusini, akimwita Neiva.

Alitaka jambo moja tu: azikwe kando ya mtoto wake. Marlei, binti yake mdogo, alihangaika kumwombea ruhusa. "Huyu ananituma kwa yule, yule ananiambia mradi ulishakufa," alitusimulia. "Nikauliza, kama umekufa, mbona haututoki kooni? Wakacheka."

Jumatano jeneza lilifika langoni. Jurandir alilia, lakini kufuli hakuligusa. "Nisamehe, Marlei. Nina wajukuu."

Marlei hakumtukana. Gari likageuzwa. Odila akazikwa mjini, kati ya watu asiowajua.

Tunampa pole Marlei na ukoo wote wa Fagundes. Nanyi wasikilizaji, litafakarini hili leo mkiwa na wenzenu mezani. Tangu jana asubuhi lango lile liko wazi. Vyuma chakavu vya mtambo vimepata mnunuzi, na malori yanaingia na kutoka. Tulimuuliza Marlei kama atamhamisha mama yake sasa.

"Hapana," alijibu. "Mama walishamhamisha vya kutosha."