Wasifu wa Mama Mashuka, Aliyelijua Swali la Mwisho

Marehemu, ambaye kazini na mtaani wote tulimwita Mama Mashuka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1993 na sekondari mwaka 1997. Masomo mengine alifaulu, hisabati ikamwangusha, na bila hisabati chuo cha maabara hakikumpokea. Kupima damu za wagonjwa ndiyo kazi pekee aliyowahi kuitamani.

Mwaka 1999 aliajiriwa hospitalini, lakini chumba cha kufulia. Dirisha lake lilitazamana na la maabara. Alikunja mashuka hapo mpaka mwaka jana.

Mwaka 2001 aliolewa na fundi baiskeli, mtu wa darasa la saba na maneno machache. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mtihani wa hisabati aliurudia tena na tena, na kila mara vipeo hasi, zile namba ndogo za juu zenye alama ya kutoa, vilimkwamisha. Akiulizwa mbili kwa kipeo hasi tatu, aliandika hasi nane. Wenzake walimtania, "Shoga, hesabu waachie wanao, wewe nyoosha mashuka!" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Mwaka jana binti yake alimtandikia shuka sakafuni.

"Mama, kunja katikati. Umebaki na nini?"

"Nusu."

"Tena."

"Robo."

"Tena."

"Thumuni. Moja ya nane." Akahesabu mikunjo: mitatu. "Kwa hiyo hasi haikushushi chini ya sifuri?"

"Haishushi, mama. Inagawa tu."

"Mwanangu! Miaka yote nakunja vipeo hasi, na mshahara ni uleule!"

Tangu siku hiyo hakukosea tena. Alikuwa akimsimamisha mumewe mlangoni na kumpa maswali, naye hajui lolote, anaitikia tu.

Oktoba alianza kuumwa chini ya mbavu. Alificha, asizuiwe kufanya mtihani. Tarehe 15 Novemba 2023 maumivu yalimzidi katikati ya mtihani, akatolewa amebebwa. Swali la vipeo hasi lilikuwa la mwisho kwenye karatasi. Alikuwa ameliona. Hakulifikia. Wodini daktari alisema ini limeshaharibika.

Matokeo yalitoka Januari. Binti alificha simu.

"Lete nione," mama yake alisema. Alitazama, akageukia ukutani. "Lile la mwisho nilikuwa nalijua."

"Tunajua, mama watoto," mumewe akamjibu.

"Nyinyi mnajua. Nani mwingine?"

Mama Mashuka hakutaja tena habari za shule, wala za kupona. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, mama yake mzazi na wadogo zake wawili wa kike. Kwao hakuna kilichobaki cha kusubiri, si matokeo wala kupona.

Cheti kitasema ameshindwa, na hakuna wa kukirekebisha. Familia inawaomba ninyi mliofika kaburini jambo moja tu: mjue kwamba alilijua.

Mama watoto, mimi mumeo nasema, pumzika. Amani uliyoikosa huku uipate huko.