Mgonjwa wa Mazoezi

Baraza yetu ya Bondeni, mwaka ule wa tisini na sita, ilikuwa ubao mrefu juu ya matofali, nje ya duka lililofungwa. Jioni ile tulikaa wanne na dele la kahawa, na mwisho wa ubao pakabaki nafasi ya Kingi. Hakuna aliyeikalia. Kingi alikuwa na kazi tuliyoicheka mwaka mzima: chuo cha wauguzi kilimwajiri alale kitandani ajifanye mgonjwa, ili wanafunzi wajifunze kumkagua mtu kabla ya kukabidhiwa wagonjwa wa kweli. Alipewa kadi yenye maradhi ya siku hiyo, akaikariri. Asubuhi ile alianguka mlangoni kwake. Sasa yuko wodini, na hasemi.

— Maradhi hayachezewi, alisema Akbarali, tumwitaye Bizari kwa duka lake la viungo Ndia Kuu. Jumatatu malaria, Jumatano presha, Ijumaa tumbo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, Bizari? Huyu alikuwa Kavumbi, mpakizi wa magunia Shimanzi, jina lake la utani Winchi. Ni mikono ile. Wanafunzi arubaini, kila mmoja amfinya tumbo kwa zamu. Ini litakaa vipi mahali pake? Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

— Ini si gunia.

— Hata gunia, ukilifinyafinya, hupasuka mshono.

Kitsao, yaani Redio, aliwangoja wamalize. Habari zake hupenda kuwa za mwisho.

— Hamjui kitu. Mle chumbani mna mwanasesere wa mpira, kimo cha mtu mzima. Wamfundishia na yeye. Miaka kumi waambiwa huyu ana homa, ana pumu, ana kifafa, na yeye hafi wala hapoi. Sasa hayo maradhi yote yaenda wapi? Kitanda cha pili yuwalala nani?

— Kingi, alisema Winchi, polepole.

— Basi. Nyumba ya udongo haihimili vishindo. Ya mpira yahimili.

Siku nyingine tungalicheka. Bizari alimimina kahawa, akakijaza na kikombe cha Kingi kwa mazoea, kisha hakujua akiweke wapi.

— Lakini alikuwa fundi, alisema. Mwakumbuka alivyokuwa akihema, akija tu kutoka kona ile? Nikamwambia, Kingi, mambo ya chuo yaache chuoni, hapa twanywa kahawa.

— Na zile champali, alisema Redio. Ndara kila jioni, ati viatu vimemkataa.

— Na mguu? alisema Bizari. Siku alipoubonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Nikampigia makofi.

— Sote tulipiga, alisema Winchi.

Nami nilipiga. Nakumbuka Kingi alilitazama lile shimo kwa muda, kisha akacheka nasi.

Msichana mmoja akaja akasimama mbele yetu, sare ya uuguzi imekunjamana.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Ahsanteni. Mimi ni Kanze, wa chuoni. Ijumaa nalimkagua Mzee Kingi katika mtihani. Kadi yake ilikuwa ya tumbo. Nikaiona miguu imevimba, nikaandika. Akaninong'oneza, "Hilo halimo kadini, mwanangu. Wewe utakosa alama, na mimi kazi." Nikafuta.

— Usijilaumu, alisema Bizari.

— Sikuja kwa hilo, babu. Yeye yuwaishi peke yake, na majirani wasema jioni zote yuko nanyi. Daktari ataka kujua jambo moja, matibabu yategemea hilo. Miguu ilianza kuvimba lini?

Redio alimgeukia Winchi.

— Kabla ya Ramadhani, alisema Winchi. La. Hiyo ilikuwa kadi ya pumu.

— Pumu haivimbishi miguu, babu.

— Basi ile siku ya champali.

— Ilikuwa siku gani?

Winchi alimtazama Bizari. Bizari alikitazama kikombe kilichokuwa bado mkononi mwake. Nilijaribu kuihesabu ile jioni ya makofi, kama ilikuwa mwezi jana au mwezi juzi, nikaona nakumbuka kicheko tu.

Kanze alikuwa ameweka kalamu juu ya karatasi. Hakutuharakisha. Alingoja, kama walivyomfundisha kumngoja mgonjwa ajibu.