Victorine Numbi, Aliyekataa na Hakuondoka

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Sylvestre, mume wa marehemu, nawasomea maisha ya Maman Victorine Numbi kama nilivyoyajua.

Victorine alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu wa papa Mathieu Numbi, fundi wa reli, na maman Rolande, akabatizwa huko huko, akasoma kwa masista, kisha akaenda Lubumbashi kujifunza uuguzi, akapata diploma mwaka 1991. Tulifunga ndoa Lubumbashi tarehe 6 Agosti 1994, Mungu akatupa Hénock mwaka 1996 na Hadassa mwaka 1999, na mwaka 2002 tukahamia Brussels.

Diploma yake haikutambuliwa hapa, hivyo kuanzia Septemba 2004 alihudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huko Woluwe-Saint-Lambert, akiwaosha, akiwalisha, akiwaombea kimyakimya, na wenzake, ambao wengi hawakuamini chochote, walimwita Maman Pasteur, yaani Mama Mchungaji, wakimuuliza kwa kicheko, "Maman Pasteur, umetuombea jua la Jumamosi?" naye akiwajibu kwamba jua la Brussels halitoki kwa maombi tu, linataka na kufunga.

Mwaka 2011 bibi mmoja pale, madame Cécile, asiye na mtoto wala dini, aliomba daktari akatishe maisha yake, kama sheria ya nchi hii inavyoruhusu, akamtaka Victorine awe kando yake siku hiyo. Victorine alimwambia waziwazi kwamba uhai si mali yetu, akamsihi wiki nzima, bibi yule hakubadili nia, lakini siku ilipofika Victorine alikwenda, akakaa, akamshika mkono mpaka mwisho. Kikundi chetu cha sala cha Saint-Josse kilimwita, kikasema ameona dhambi akanyamaza, kikamtoa katika kwaya. Alimjibu kiongozi wa kikundi, "Sikunyamaza, papa pasta. Nilimkatalia, ila sikumwacha." Hakurudishwa. Tangu hapo aliimba akiwa kwenye viti vya nyuma.

Februari 2016 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alipoelezwa kwamba yeye pia anaweza kuomba maumivu yakatishwe kwa njia ile, alikataa, akaomba jambo moja tu, kwamba kwaya ije imwimbie. Nilikwenda kuwaita, nikarudi peke yangu, nikaenda tena. Waliokuja kwa zamu ni wenzake wa kazi, wasioamini, na mmoja wao, Hervé, alijifunza ubeti wa wimbo wa Kiswahili, akauimba vibaya sana, Victorine akacheka. Alifariki Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2016, macho yake yakiwa mlangoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa jengo letu waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao sina neno la kuwatosha. Nanyi wanakwaya, nawaona mmekuja leo, tena kwa sare, asanteni, lakini sijui sasa mtamwimbia nani, maana kila jioni nilimwambia kwamba mko njiani.

Pumzika kwa amani, mke wangu, na kama huko unasikilizwa, tuombee, kwa kuwa mimi nimejaribu na maneno hayatoki.