Siku Niliyomfungulia Habiba Mlango

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Naitwa Akiru, kwetu ni Gotu, na nasomea afya ya jamii chuoni hapa Isiolo. Jumapili tatu nimeitwa kushuhudia nikatikisa kichwa. Leo nimesimama.

Wengine hapa wamefunguliwa kutoka kwa pombe. Mimi nilifungwa na hofu ya watu.

Siku ya kwanza chuoni, mwalimu alisema kila mtu ajitambulishe. Nyumbani tunaongea Kiturkana. Kiswahili changu ni cha shule. Nilitaka kusema kwetu tumezaliwa watoto sita. Mdomo ukasema, "Nimezaa watoto sita." Darasa zima likacheka. Kufikia saa ya chai nilikuwa na jina: Mama Sita.

Ndugu zangu, kwa mwingine huo ni mzaha wa siku moja. Kwangu uliingia kama mwiba, ukabaki ndani. Sikuongea tena darasani. Chakula cha mchana nilikula peke yangu nyuma ya tangi la maji. Kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ninayokaa, mtaa wa Bulla Pesa, mfereji wa maji ni mmoja, na mimi nilikuwa nachungulia mlangoni mpaka akina mama wamalize kuteka ndipo nitoke. Nikisikia kicheko popote, nilijua nachekwa mimi. Mama akipiga simu kuuliza kama nimepata marafiki, nilimjibu, "Wengi, mama."

Niliomba, ndio. Lakini ombi langu lilikuwa moja tu: "Mungu, nifiche wasinione."

Muhula wa pili tuliwekwa kwenye makundi, kila mtu aeleze sehemu yake ya kazi ya kundi mbele ya darasa. Mikutano ya kundi sikwenda. Baadaye hata darasani nikaacha kwenda. Siku ya nne nilipanga nguo kwenye begi nirudi Gotu, nimdanganye mama kwamba nimefukuzwa. Hapo ndipo nikasikia hodi.

"Akiru, ni Habiba wa darasani. Najua uko ndani."

Habiba ni Mborana, Mwislamu, na ndiye aliyeongoza kundi letu. Siku ile ya kwanza, yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Nikabana pumzi asinisikie.

"Nitangoja hapa," akasema.

Akangoja. Nikasikia majirani wakianza kumuuliza anamtafuta nani. Niliogopa watajaa mlangoni, nikafungua.

Aliona begi. "Unaenda wapi?"

"Mimi ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Nilitaka kusema malaria. Sijui nguvu ilitoka wapi, nikamwambia, "Nawaogopa. Wewe zaidi."

Aliketi kando ya begi. Kisha akasema, "Siku ile baada yako zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa naogopa, nikacheka. Lakini nilikucheka, na sijakuomba msamaha. Nisamehe."

Ndugu zangu, nililia. Nilimwomba Mungu anifiche, Yeye akatuma mtu wa kunitafuta, tena kutoka nyumba isiyoomba kama sisi.

Tulifanya mazoezi ya sehemu yangu. Alitoka kuswali alasiri, nikadhani ameenda zake. Akarudi.

Siku yenyewe ilipofika, nilisimama mbele ya darasa. Nilisahau maneno katikati, na mtu nyuma akanong'ona, "Mama Sita." Nilimwangalia Habiba. Hakunisemea. Alingoja tu, kama alivyongoja mlangoni. Nikaendelea mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi, mwalimu alisema, "Anayefuata." Lakini nilikuwa nimemaliza, na sikufa.

Jioni nilimpigia mama nikamwambia ukweli, kwamba rafiki ni mmoja. Akauliza, "Anaitwa nani?"

Sitawadanganya kwamba hofu imeisha. Siku hizi nateka maji pamoja na akina mama, lakini wakicheka bado moyo unaruka. Namshukuru Mungu kwa sababu sasa unaruka na mimi nabaki pale pale.

Kama kuna kijana hapa anayeishi akijificha, mwamini Mungu kwa jambo moja dogo: mwambie mtu mmoja ukweli. Usingoje hofu iishe kwanza. Baada ya ibada nitakaa hapa mbele. Njoo tuongee. Na kama miguu itakataa, inua mkono hapo ulipo. Nitakuja mimi.