Vénant Ndayikeza na Safu Aliyoibana

Vénant Ndayikeza alifariki Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini hapa Stockholm, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1971 huko Kayanza, Burundi, akasoma huko hadi sekondari, na mwaka 1994 vita vikamfikisha kambini Kigoma, alikojifunza Kiswahili, na ndiko alikomwoa Concessa, tarehe 21 Juni 1997. Mwaka 1999 walihamia Sweden, wakakaa mtaa wa Rissne, wakajaliwa Félix na Inès, naye akawa fundi wa lifti mpaka alipougua.

Félix alipojiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mikono, baba alikwenda kumwangalia, akanogewa, na mwaka 2014 akawa kocha wa safu ya mbele ya ulinzi. Alifundisha kwamba watu wanne wa mbele wakisimama mbalimbali, wazuiaji wa upande wa pili hulazimika kutanuka nao, katikati pakabaki uwazi, na mlinzi wa nyuma, yaani mvamizi, akachomoka hapo kumvamia mrushaji wa mpira. Safu ikibanwa, katikati hujaa watu, na mvamizi hana budi kupita pembeni. Kwa hiyo, alisema, safu haibadilishwi bila mvamizi kuambiwa.

Katika fainali ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, Onyango, mlinzi wa nyuma, kijana wa Kikenya wa mtaa wa Hallonbergen, alikuwa ameagizwa kuvamia kupitia katikati, ndipo Vénant akaingiwa na hofu kwamba wapinzani watapenya katikati, akapaza sauti kwa Kirundi, kama alivyozoea ili wapinzani wasielewe, akiwaamuru Félix na Mrundi mwenzake Janvier waibane safu. Hao wawili walielewa, wengine wakawafuata, Onyango hakuelewa, akagota migongoni mwa wenzake, mpira ukarushwa juu ya vichwa vyao, timu ikashindwa. Katika chumba cha kubadilishia nguo Vénant alimwambia mbele ya wote, "We Onyango, macho yako ni mapambo? Njia ilikuwa pembeni!" Watu wakacheka, Félix akainamisha kichwa, maana baba ni baba, na Onyango hakurudi mazoezini.

Tangu hapo Vénant alikwepa kahawa ya baada ya ibada, walikokuwa wakiketi wazazi wa Onyango, akisingizia kuna lifti imekwama.

Novemba 2023 alipatikana na saratani ya kongosho. Machi mwaka huu alimpigia Onyango simu, akaungama, naye akajibiwa, "Kocha, hiyo niliijua siku hiyo hiyo. Uliniaibisha mbele ya watu, mbona msamaha unauleta kwa simu?" Vénant aliona ni haki, akaomba apelekwe uwanjani Jumamosi, tarehe 12 Aprili, aseme mbele ya timu, lakini siku hiyo hakuifikia.

Wazee wawili wameshauri sehemu hii iachwe, kwa kuwa marehemu hasemwi, lakini Concessa amekataa. Kwa hiyo familia inasema kwa niaba ya marehemu: Onyango alikimbilia pale alipoagizwa, aliyekosea ni Vénant, naye alijua. Onyango alialikwa, lakini hadi ibada hii ya mazishi inaanza alikuwa hajafika, na hatumlaumu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rissne waliopika tangu siku ya kwanza, mafundi wenzake, na wachezaji waliokuja na jezi zao.

Upumzike kwa amani, Vénant. Ulilotaka kulisema limesemwa mbele ya timu leo, Ijumaa, tarehe 25 Aprili 2025.